Shangazi Anahitaji Vichwa

Tangu nirudi, kila mtu kwenye kundi letu la simu ananiuliza ile picha niliyokaa kwenye ngazi, masufuria pande zote, ni ya nini. Nimekuwa nikijibu "hadithi ndefu", kisha nazima simu. Mnanijua mimi Faida. Kule kambi ya wakimbizi nilikuwa yule mtoto wa kumjibu mwalimu kwa kutikisa kichwa, na Sydney haijanibadilisha sana, ila huku wananisahau haraka zaidi na mimi naona raha. Kwa maandishi sioni haya, kwa hiyo naandika. Habari za tiketi na vibali muulizeni shangazi. Mimi nasimulia yaliyotukuta.

Kutoka Doonside hadi uwanja wa ndege

Shangazi Riziki ni dada mdogo wa baba. Kazi yake ni kwenda kwenye visiwa vya joto, kaskazini kabisa mwa Australia, kupima samaki ili wavuvi wajue wamebaki wangapi na wanaweza kuvua kiasi gani bila kuwamaliza. Mama hajawahi kuielewa kazi hii. Anasema, "Alizaliwa Uvira, ziwa liko mlangoni, halafu anavuka dunia nzima kwenda kusomea samaki."

Safari hii ilikuwa ya mwisho kwake kujaribu. Kuna kisiwa ambacho baraza lake lilitaka kuamua kama mwamba wa kaskazini ufungwe, watu wasivue hapo. Wengine walisema chewa, wale samaki wakubwa wa mwambani, wamepungua, wengine walisema wavuvi wamezeeka tu. Wakamwomba shangazi aje apime. Msimu wa kwanza korona ikafunga mipaka. Msimu wa pili ikafunga tena. Sasa mipaka ilikuwa imefunguliwa, na baraza lilikuwa limechoka kusubiri: akirudi mikono mitupu, wangefunga mwamba wote, kwa tahadhari. Nyumba zinazoishi kwa chewa zingekaa bila kazi, na masomo ya shangazi ya uzamivu yangeishia hapo.

Msaidizi wake akashikwa na korona tukikaribia kuondoka. Mimi nilikuwa likizo. Mama alipoambiwa alishangaa sana.

"Huyu? Huyu hasemi."

"Samaki pia hawasemi," shangazi akajibu. "Watapatana."

Mama akatufungia chakula kama vile huko kaskazini watu hawali: sombe, yale majani ya muhogo, iliyogandishwa kwenye makopo, na mandazi ya kutosha harusi. Mimi nilibeba ubao wa kupimia samaki, mrefu, umefungwa kwenye mfuko mweusi. Kwenye treni ya kutoka Doonside, mtaa wetu wa Sydney, barakoa ilinifukizia mvuke kwenye miwani, sikuona mtu, ndiyo maana sikuweza kumkwepa mzee mmoja Mrundi tunayesali naye. Alikaa mbele yetu akaupigapiga ule mfuko, akauliza kinanda hiki tunakipeleka kanisa gani. Shangazi alikuwa kwenye simu. Mimi nilitaka kusema si kinanda, lakini alikuwa amefurahi sana, na kumkosoa mtu mzima mbele ya behewa zima, jamani. Nikanyamaza. Yule mzee akasimama, akashika nguzo ya treni, akauombea mwimbo wetu ufike hadi miisho ya dunia. Nikasema amina. Mzungu mmoja nyuma yetu naye akasema amina.

Cairns, tulipopimwa uzito

Ndege kubwa ilitufikisha Cairns vizuri. Ndege ndogo ya kwenda kisiwani haikuondoka, kwa sababu rubani mwenyewe alikuwa na korona na mwenzake alikuwa anajitenga. Tukalala kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na uwanja, na sombe ikaanza kuyeyuka. Mwanamke wa usafi aliona yale majani ya kijani yamemwagika kwenye friji, akatuuliza kwa upole kama tuna sungura chumbani.

Rubani mwingine alipopatikana, tukaambiwa kila abiria apimwe uzito na mizigo yake ya mkononi, maana ndege ni ndogo. Mizani iko mbele ya watu wote. Karani anasoma kilo kwa sauti, mwenzake anaandika. Mizigo yetu ilikuwa imezidi, kwa hiyo nilikuwa nimehamishia mandazi kwenye mifuko ya koti. Karani aliponitangaza, akanitazama, akatazama mizani, akaitingisha kidogo kwa mguu. Akatangaza tena.

Nyuma yangu alikuwepo mzee mnene mwenye kofia ya majani, akacheka taratibu. Aliitwa Anko Solo. Huko visiwani mtu mzima yeyote ni Anko au Anti, kama kwetu tu. Alikuwa anarudi kutoka kuwekewa meno mapya, na alikuwa mvuvi. Nikampa andazi ili asiendelee kunitazama. Akalila kwa upande mmoja wa mdomo, akataka la pili, halafu akamuuliza shangazi ubao ule ni wa nini. Shangazi akamweleza: tunapima urefu wa chewa, tunatafuta umri wake.

"Umri wa chewa," Anko Solo akasema. "Umemuuliza mwenyewe?"

Akasema amevua mwamba wa kaskazini tangu utoto na hajawahi kuhitaji ubao. Shangazi alikasirika kimyakimya hadi tunatua.

Kisiwani, mistari miwili

Tulipokewa na Anti Lettie, mjane mwenye nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, na redio ya kuongea na mashua sebuleni. Mwenyekiti wa baraza, aliyepanga kila kitu na shangazi, alikuwa amekwama hospitalini Cairns. Anti Lettie yeye aliambiwa tu kuna wageni, awalaze. Anko Solo alishuka, akapanda mashua yake, akaenda kupiga kambi kule mwamba wa kaskazini na wenzake.

Asubuhi yake nesi akaja na vipimo. Changu mstari mmoja. Cha shangazi mistari miwili. Nesi akamfungia chumbani, mimi akaniambia nivae barakoa, nijipime kila asubuhi, nisiingie mle. Tukawa tunaongea dirishani.

Shangazi alikuwa anatetemeka kwa homa lakini hakukata tamaa. Akanieleza kazi kupitia wavu wa mbu. Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe viwili vidogo, vya kusikilizia. Ukivikata unaona pete, moja kwa kila mwaka, kama mti. Ukijua umri na urefu wa samaki wengi, unajua kama mwamba bado una wazee wa kutosha wa kuzaa, au wamebaki watoto tu. Wavuvi wa pale huuza minofu, vichwa wanarudi navyo nyumbani. Akanipa maneno ya kusema, marefu kama salamu za rais: mimi ni fulani, tumetumwa na baraza, tunaomba tupime kila samaki akiwa mzima, hajakatwa, halafu mtupatie kichwa.

Nikashuka hadi gatini nikiyarudia. Wanawake na vijana walikuwa wanakata samaki. Wote wakageuka kunitazama, visu mkononi. Yale maneno yote yakakimbia. Nikasema machache tu yaliyobaki:

"Shangazi anaumwa. Anahitaji vichwa vya samaki. Vingi."

Niliona nyuso zao zinalegea kwa huruma. Mama mmoja akaweka mkono kifuani. Wakasema nisijali, niende nyumbani, vitakuja. Nikapanda ngazi najisikia mtu mkubwa. Nikamwambia shangazi: vichwa vinakuja. Akasema, "Mtoto wa kaka yangu," akalala.

Kutoka ngazini hadi dirishani

Jua halijawa kali, sufuria la kwanza likafika. Kichwa cha chewa kwenye tui la nazi, tangawizi, pilipili kidogo. Aliyeleta akasema mgonjwa anywe supu ingali moto. Halafu la pili, na wali. Halafu la tatu, la binzari.

Kwetu mgonjwa hupikiwa supu ya kichwa. Kumbe na huko. Mtu anaumwa, anaomba vichwa vingi, ungefikiri nini?

Shangazi alikuwa amelala, tena korona ilikuwa imemwondolea ladha na harufu, hakujua lolote. Kurudisha sufuria limejaa ni matusi. Kumwaga ni dhambi. Nikakaa kwenye ngazi, nikashusha barakoa, nikanywa. Nikipata vile vijiwe nikavitia kwenye kichupa, nikifikiri angalau kazi inaenda.

Halafu kuna jambo la masufuria. Mama amenifundisha kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Basi kila sufuria nililiosha, nikaweka mandazi matatu au manne ndani, nikalirudisha. Nilidhani nimemaliza deni. Kumbe wale watu walikuwa hawajawahi kula mandazi ya mama. Kesho yake masufuria yakarudi yote, na mengine mageni. Mandazi ya mama yakaisha. Anti Lettie akanipa unga, nikaanza kukaanga mwenyewe asubuhi ili nilipe supu za mchana, na supu za mchana zikazidi kuwa nyingi kwa sababu ya mandazi ya asubuhi. Ile picha mliyoiona alinipiga binti wa jirani siku hiyo. Sitabasamu, nimeshiba.

Homa ya shangazi iliposhuka akataka kuona kazi. Nikampitishia kile kichupa dirishani. Akakiinua kwenye mwanga, akafurahi.

"Umevitoaje, mbona ni safi hivi?"

Nikasema nimevinyonya.

Akakishusha kichupa. "Umevifanya nini?"

Ikabidi nieleze, nikiangalia miguu yangu. Supu, wali, binzari, mandazi. Akauliza urefu wa kila samaki uko wapi. Nikasema sijui, walifika wakiwa sufuriani.

Shangazi akaweka paji la uso kwenye wavu. Akasema vijiwe vyenyewe havijaharibika, lakini bila urefu ni sawa na kumwambia mtu kwamba una mtoto wa miaka kumi na mitano bila kujua kama anafika mezani au darini. Ndege yetu ya kurudi ilikuwa wiki ileile. Nesi alikuwa bado hajamruhusu kutoka.

"Faida, hawa watu wanajua mimi ni nani?"

"Mgonjwa," nikasema.

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba misimu mitatu sasa, na wale watu watafungiwa mwamba wao kwa sababu yeye hakuweza hata kuomba samaki vizuri. Nikamwambia hakuomba yeye, niliomba mimi. Akasema ndiyo, lakini aliyenituma ni yeye.

Redioni

Nilikwenda jikoni kumweleza Anti Lettie ukweli. Nilisimama mlangoni. Akanipa unga nichekeche. Nikachekecha wote. Nikatoka.

Nikarudi tena. Safari hii nikaongea huku naangalia unga, bila kupumua, kila kitu, hadi mwamba kufungwa. Nilipoinua macho Anti Lettie alikuwa amekaa chini, amejifunika uso na khanga yake ya kisiwani, mabega yanaruka. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka hadi hana sauti.

Alipopata pumzi akasema wanawake atawaambia yeye, lakini samaki wazima wako na wanaume, na wanaume wako baharini. Ilikuwa jioni, saa mashua zote zinapojitokeza redioni kusema ziko wapi. Akabonyeza kitufe, akanitia kile kipaza sauti mkononi.

Sasa, sikilizeni. Kwenye redio hakuna uso. Hakuna mtu anayekutazama mdomo. Nilikuwa naangalia ukuta na kalenda ya kanisa. Nikaanza kama tunavyoanza kwetu: hamjambo, habari za huko, mashua zinaendeleaje, mmekula, na wale wa nyumbani wenye mafua wanaamkaje.

Anti Lettie akaniambia baadaye kwamba kwenye ile redio watu huulizana upepo na mafuta tu. Kisha mashua moja ikajibu, sisi wazima, asante. Nyingine ikasema mwanangu anaumwa jino. Nyingine ikaeleza habari za goti. Nikawapa pole mmoja mmoja. Anti Lettie akaanza kunionyesha saa ya ukutani.

Nikasema: "Supu ilikuwa tamu sana. Lakini shangazi anaendelea vizuri. Vichwa anavitaka vibichi, na samaki awe mzima kwanza nimpime. Baraza haliwezi kuacha mwamba wazi bila vipimo hivyo, na ndege yetu iko karibu. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Naomba mtusamehe, na naomba samaki."

Halafu sauti ninayoijua, yenye meno mapya.

"Nina swali. Ile supu aliinywa nani?"

"Mimi, Anko."

"Yote?"

"Yote."

Nikasikia watu wanacheka kwenye mashua nyuma yake. Akangoja wanyamaze.

"Basi mpimeni yeye kwanza," akasema.

Gatini

Mashua zilianza kuingia alfajiri, samaki kwenye barafu, wazima. Shangazi akaomba redio apewe dirishani, kile kipaza sauti kimefungwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa gatini na redio ndogo ya mkononi. Nalaza chewa kwenye ubao, mdomo umefungwa, mkia umenyooshwa, nasema urefu redioni, shangazi anaandika.

Tatizo moja tu: kisiwa kizima kilikuwa kinasikiliza. Kila mtu alijua sasa samaki wa nani ni mrefu kiasi gani, na si kwa maneno ya mwenyewe. Vijana wakaanza kuvuta mikia. Mmoja aliniomba nipime tena, samaki alikuwa amekunja shingo. Anko Solo alileta mmoja ambaye usiku alikuwa amemwelezea redioni kwa muda mrefu. Niliposema urefu wake, gati lote likageuka kumtazama.

"Ameingiwa na baridi," Anko Solo akasema.

Shangazi alinielekeza kwa redio, kutoka dirishani, namna ya kufungua kichwa kwa juu, kama kifuniko, kutoa vijiwe kwa kibano na kukirudisha kwa mwenyewe akapike. Hilo liliwafurahisha kuliko yote, maana walikuwa wamejiandaa kutoa sadaka vichwa vyao. Anko Solo alisimama karibu yangu hadi jua likawa kali, mikono nyuma, akiangalia kibano. Mwisho akasema anaona mimi natetemeka bure, samaki amekwisha kufa. Nikacheka. Kucheka mbele ya watu wote hao, mama hataamini.

Siku nesi alipomfungulia shangazi mlango, kazi ilikuwa imekwisha na sanduku limefungwa.

Kurudi, na yaliyofuata

Cairns, kwenye ukaguzi, kijana wa usalama alifungua lile sanduku, akakuta vichupa. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni vijiwe vya masikioni mwa samaki. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akauliza, nikarudia. Wakaita wa tatu. Mwisho wakaturuhusu, nadhani kwa uchovu.

Kisha miezi ya hadubini. Shangazi akakata, akahesabu pete, na akagundua kwamba kwenye mwamba wa kaskazini bado wako chewa wengi wazee, wengi kuliko alivyotumaini. Lakini wavuvi walikuwa wametuambia walikovua, na karibu wote wakubwa walitoka mahali pamoja, mkondo mmoja wanakokusanyika kutaga mayai. Akaliambia baraza hivyo kwa video, akiwa mezani kwetu Doonside, mama akipita nyuma yake na ndoo. Baraza likaamua: mwamba ubaki wazi, mkondo ufungwe miezi ya kutaga.

Ule mkondo ulikuwa wa Anko Solo. Baba yake alivua hapo. Tukamwona kwenye kioo cha kompyuta anasimama, anavaa kofia yake ya majani, anatoka ukumbini bila kuaga mtu. Shangazi hakula jioni ile. Alijua hesabu zake ni sahihi, na hilo halikumsaidia.

Baada ya muda mpwa wa Anko Solo akaja Sydney kusomea unesi, akatutafuta. Alibeba sanduku la barafu kutoka kwa mjomba wake. Ndani kulikuwa na chewa mmoja mkubwa, mzuri, aliyekatwa kichwa.

Mama alimgeuza mara mbili akitafuta. "Nani anatuma samaki bila kichwa?"

Shangazi alijua. Alikaa kwenye kiti, akasema amelielewa jibu, hatapewa vichwa tena, na kwamba ni haki yake mzee.

Yule mpwa akasema subirini, kuna kingine. Akatoa kwenye mkoba kiberiti. Ndani, kwenye pamba, vilikuwemo vijiwe viwili, vimetolewa bila kuvunjika hata ncha, na kipande cha mshipi wa kuvulia kilichokatwa kwa urefu wa samaki yule, kuanzia mdomoni hadi mkiani.

"Anko anasema kichwa amekula mwenyewe," akasema.